Maneno Niliyojisemea Kinuni

Harufu ya tumbaku inayokaushwa kwa moto ndiyo hunirudisha Ntalikwa, kijiji chetu huko Tabora, mwezi wa Machi, nikiwa na miaka kumi na mmoja na miezi minne, mwanafunzi wa darasa la kwanza miongoni mwa watoto wa miaka saba. Utomvu wa majani ulininata vidoleni ukatia daftari langu madoa meusi. Kila asubuhi wenzangu waliniamkia kwa dhihaka, "Shikamoo bibi," nami nikainamisha kichwa. Baba alikuwa ameshatamka: Ijumaa mwalimu angenitaka nisome kwa sauti mbele ya darasa, na nikishindwa, ningerudi shambani moja kwa moja.

Jumatano alasiri nilikuwa nikitwanga makopa ya mihogo, na kwa kila pigo la mchi nikijisemea, "Gogo. Kichwa gogo." Shangazi Nyamizi, dada yake baba, aliyekuwa akipepeta mtama kando yangu, aliinua macho.

"Unamtukana nani, Nyanzala?"

"Najisema mwenyewe, shangazi."

"Kwani wewe si mtoto wa watu? Ungemwita Kasinde hivyo, ningekuchapa kwa huu ungo."

Kasinde, mdogo wangu, ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea. Kila alipoanguka tulimwambia, "Pole baba, simama tena." Hakuna aliyewahi kumwita gogo. Kuanzia pigo lililofuata nikajaribu kujisemesha kama nilivyomsemesha yeye, kwanza kwa aibu, kisha kwa mdundo wa mchi.

Ijumaa nilikwama kwenye neno "wanatembeleana". Lile gogo likaanza kugonga kichwani. Nikalijibu kimoyomoyo: pole, simama tena, silabi moja moja. Nikalisoma neno lote. Mwalimu alisema tu, "Endelea," nami nikaendelea hadi nukta ya mwisho. Jioni ile baba alilitundika jembe langu ukutani. Jumatatu, wenzangu waliponiamkia, niliitikia, "Marahaba wajukuu, mmenawa nyuso?" Wakacheka, nami nikacheka nao.

Leo wataalamu hueleza redioni kwamba maneno tunayojirudia huchonga njia katika ubongo. Sishangai, Tabora yenyewe ilikua juu ya njia iliyochongwa na nyayo za wapagazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Lakini mazoea yana taabu: njia ya gogo haikufutika kabisa, na nilipofiwa na mume wangu, miaka sita na miezi miwili iliyopita, nilijikuta nikiipita tena kwa majuma mengi. Zamani nilihitaji shangazi wa kunishtua; safari hii nilijishtua mwenyewe: pole, simama tena. Sasa naishi peke yangu, na sauti ninayoisikia zaidi nyumbani ni yangu mwenyewe. Mimi nayo tunaishi vizuri.