Nani Amekataliwa Mikononi Mwako?

Mama Mikate alikuwa na swali moja la kumpimia mtu, na hakuna aliyetaka fedha yake akalikwepa. Muuza unga alipoapa kwamba hajawahi kurudishiwa gunia hata moja, alimshukuru, akampa maji ya kunywa, na hakununua kwake. Fundi wa tanuri alipokiri kwamba aliwahi kujenga dohani ikajaza moshi nyumba nzima ya watu, alimpa kazi siku hiyohiyo. Waliomsema kwa ubahili walirudi asubuhi kupanga foleni dirishani pake, maana mikate yake haikuwa na mpinzani.

Safari hii haikuwa habari ya unga wala tanuri. Binti yao yeye na mumewe, mtoto wa pekee, alikuwa ameolewa nchi ya mbali na amejifungua mtoto ambaye babu yake hajamtia machoni. Kuja nyumbani hawezi, kwani karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kuwapa ukaazi wageni wanaowekeza, wao na wenzi wao. Wakiuza duka la mikate na nyumba iliyoungana nalo, mtaji ungetosha. Wakikosea, wangebaki wazee wawili wasio na kazi wala paa. Na mumewe, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa mgonjwa wa figo, wa kupelekwa hospitali kila wiki kusafishwa damu. Hakuwa na ombi jingine duniani ila kumpakata mjukuu wake.

Mdogo wake mume alikuwa wakala wa kuwatafutia watu ukaazi wa namna hiyo. Ofisi yake ilikuwa na viti vya ngozi, mashine ya kahawa, na ukuta mzima wa picha za nyumba zinazong'aa.

"Shemeji, leo umependeza kama bwana harusi," Mama Mikate alimwambia. "Unamwoa nani, mimi au duka langu?"

"Vyote viwili, ilimradi kaka asisikie!"

Walicheka. Kisha akauliza, "Nani amekataliwa mikononi mwako?"

"Hakuna, shemeji. Wote wanapita."

"Na wewe anakulipa nani?"

"Hunilipi hata senti! Wananilipa wenye nyumba mtakayonunua kule."

"Na figo za kaka yako?"

"Kwenye fomu tunaandika mzima wa afya. Nani atampasua aangalie?"

Hapo shemeji alicheka peke yake. Alijua, kama familia nzima ilivyojua, kwamba kumdai ndugu wa mume leseni ya kazi yake ni kama kumpekua mgeni mifukoni, na alitegemea aibu hiyo imlinde. Mama Mikate hakumdai. Alimaliza kahawa, akaaga vizuri.

Mumewe alinuna. "Umemhoji mdogo wangu kama mwizi."

"Nimemhoji kama muuza unga."

Akamtaka binti yake amsomee kwa simu, neno kwa neno, masharti yaliyotolewa na serikali ya huko yenyewe; yalidai vipimo vya afya, lakini hayakusema ugonjwa upi unakataliwa. Kisha akatafuta wakili. Aliyempata alikuwa mwanamke mwenye ofisi juu ya duka la dawa, feni inapiga kelele, mteja analipa mwenyewe kwa saa na kupewa risiti. Kabla ya kwenda, Mama Mikate alipiga simu chama cha mawakili kuhakikisha kwamba jina la wakili huyo limo na leseni yake iko hai.

"Nani amekataliwa mikononi mwako?"

"Wapo," wakili alisema. " Wa karibuni ana duka la matairi. Nitamwomba ruhusa, akikubali atakupigia mwenyewe."

Muuza matairi alipiga. "Mama, yule aliniambia mapema kwamba watanikataa. Nikamlazimisha tuombe. Wakanikataa. Ubishi ulikuwa wangu, ukweli ulikuwa wake."

Mama Mikate nusura acheze dansi mbele ya tanuri. Amempata mtu! Akabeba vyeti vyote vya hospitali vya mumewe, akapanda ngazi kwa wakili amejaa matumaini.

Wakili alisoma vyote, bila haraka.

"Mama, nakwambia kama ningemwambia mama yangu. Kule wanampima kila mtu, na ugonjwa wa gharama hii wanaukataa. Wewe watakukubali. Yeye hapana. Mkificha wakagundua, mtafukuzwa wote wawili, na duka mmeshauza. Hata viza ya kutembea siwezi kukuahidi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kuna watu watakaokwambia ipo."

Akishuka ngazi alimchukia yule wakili. Alimchukia kwa moyo wake wote, na kwa mara ya kwanza akavikumbuka kwa hamu vile viti vya ngozi, mahali ambapo wote wanapita. Alilia palepale chini, wateja wa duka la dawa wakampisha wakidhani amefiwa.

Njiani alijipangia maneno. Atasema nyumba za kule zina nyufa na bei ni ya wizi. Nani angemlaumu? Alimkuta mumewe ameketi kitandani, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, anamsubiri.

"Amesemaje?"

Uongo ulishafika ulimini. Akauona ulivyo, mtamu na laini, ni mtindo uleule wa shemeji. Akaumeza.

"Ni figo, mume wangu. Mimi wananitaka. Wewe hawakutaki."

Mzee alifungua kile kifungo cha juu.

"Basi nenda."

"Niende kwa nani, na wewe uko hapa?"

"Kwa mjukuu."

"Hilo tusilizungumze tena."

Hakubisha. Alimjua mkewe. Akanyoosha mkono. "Nipigie binti yetu simu. Nimwambie mwenyewe, asije akahangaika kununua kitanda."

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, kitanda kimeshakuja. Tumekiweka karibu na dirisha."

Mzee alifumba macho. Mama Mikate aliketi kando yake, akamshika bega.

"Basi mlaze mwanao hapo," mzee akasema. "Akikua, mwambie kilikuwa cha babu."