Pwani ya Jirani Yetu wa Mbotela

Chumba tulichopewa hapa Lamu, rafiki yangu, ni cha kifalme. Kitanda kirefu cha kupandia kwa kigoda, chandarua cheupe, vidaka vya ukutani vilivyonakshiwa na mafundi waliokwisha kufa zamani. Lakini nilipovua viatu mlangoni tu, akili ilirudi Mbotela, zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji la Nairobi, kwenye chumba cha jirani yetu.

Alizaliwa hapa Lamu, akaletwa Nairobi na mume karani. Mume akafa, naye akabaki. Sisi watoto wa Wakamba na Wakikuyu likizo yetu ilikuwa ushago, kijijini, kuchunga mbuzi; pwani tuliisikia kwa wenye nacho. Basi jirani akatutangazia kwamba kila Jumamosi chumba chake ni pwani. Ukifika unavua ndala, unanawa miguu kwenye karai, unapiga hodi kwa adabu, ndipo unakalishwa mkekani upewe mahamri na mbaazi za nazi, udi ukifuka kwenye kona. Sheng ilikuwa marufuku. Ukiteleza ukasema "niaje, shosho," alikunyooshea kidole mlangoni: "Hapo varandani ndipo Nairobi. Kae huko mpaka ulimi unyooke." Mimi niliishi Nairobi sana siku hizo, nikimeza mate wenzangu wakilamba vidole.

Siku moja nilimkuta analia huku akikuna nazi. Alikuwa amekumbuka kwao. Nikamwambia nikiwa mkubwa nitampeleka. "Inshallah," akasema, kama watu wazima wanavyowaambia watoto.

Sikusahau. Mwaka huu mume wangu alisema bibi huyo wa Mbotela hawezi safari, mama akasema nitamuua njiani. Niliwasikiliza wote, kisha nikakata tiketi. Ahadi ni deni.

Jana nilimshika mkono tukapita vichochoroni polepole, tukiwapisha punda. Nyumba ya kwao sasa ni ya wageni pia. Kijana aliyefungua alikuwa na heshima zake, ila jina la babake bibi hakuwahi kulisikia. Mashoga zake wa usichana wote wako makaburini. Mji umetunzwa, nakwambia, kuta zina chokaa na milango inang'aa. Watu ndio hawakutunzika, na hilo liliniuma.

Leo asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi darini, juu ya nyumba, bahari yote mbele yetu. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, umefanya. Mungu akuweke. Sasa nipeleke kwetu."

"Si ndipo hapa, bibi?"

"Hapa walonijua wamekwisha. Kwetu Mbotela."

Na Mbotela nako kuna nani? Wale wa mkekani wametawanyika, huyu mtaa wa Fedha, yule mtaa wa Tena, wengine hata hawapo duniani.  Nikashika simu, nikampigia kila niliye na namba yake: keshokutwa wote wawe Mbotela, na watoto wao. Sikuomba, niliamrisha. Bibi hatarudi kwao mara ya pili akose wa kumjua.