Maji Tuliyoyaacha Nje ya Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na kalamu mbili mpya na kitambaa cha kichwa nilichokipiga pasi mara mbili. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa vyumba viwili huko Vulamba, hapa Butembo, mashariki ya Kongo, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, nikadhani utafiti ni kuuliza na kuandika majibu, kama mtihani. Madame la Coordinatrice, mkubwa wetu, alizitazama kalamu zangu, kisha akanipa bidon ya manjano, dumu la kuchotea maji.

“Leo hapana andika, Masika. Shuka kwa chemchemi, uchote mayi na bamama, kisha urudie.”

Nilirudi adhuhuri, shingo inauma, kamba ya bidon imenichora mstari kwenye paji la uso.

“Umeona comité ya mayi?” akauliza, maana yake kamati ya maji.

“Hapana, Madame. Nimeona bamama tu. Moja anapanga mustari, mwingine anakataza kufulia kule juu, mwingine anasema mwenye mugonjwa apite mbele.”

“Bon,” akasema. “Basi comité njo bale bamama.”

Ndivyo nilivyoanza kazi iliyonifikisha kwenye mvi. Tuliiita utafiti shirikishi wa wanawake. Maana yake ni kwamba anayeulizwa naye anauliza, na kinachopatikana ni chake kabla hakijawa cha biro. Sisi tulitaka kujua nani anatawala maji. Vita ya kwanza ilikuwa imepita juu yetu, ya pili ilikuwa imetukalia, wenye bunduki ndio watawala, na watu walituuliza kama hatukuwa na kazi nyingine ya kufanya. Lakini hata vitani mtu hunywa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kipese, kule milimani, ambako mawingu huingia ndani ya nyumba bila kubisha. Huko nilijifunza ramani ya chini. Wanawake huketi mahali peupe, wakachora kijiji chao kwenye udongo: majivu ni njia, majani ni mashamba, kijiti ni chemchemi. Nakumbuka Rais, yaani mwenyekiti, wa comité ya maji, mzee mwenye koti zito, akisimama pembeni na kucheka. “Banamuke banachota mayi,” alisema, “banaume banaongoza.” Bibi mmoja hakuinua hata uso. Alimwuliza tu, “Chemchemi ya pale chini inakaukaka mwezi gani?” Rais aliangalia mlima muda mrefu sana. Ukungu ulikuja ukamfunika mpaka kiunoni, naye hakuwa amejibu.

Baadaye nilihamishiwa Oicha, kaskazini ya Beni, ambako mashamba ya kakao yanaishia na msitu unaanza. Huko niliwekwa chini ya Monsieur le Superviseur, msimamizi wetu, bwana nadhifu aliyetoka mkoa mwingine. Alipenda meza na majedwali, na kwenye tope alitembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Kazi yangu ilikuwa kwa wanawake Wambuti, wenyeji wa kwanza wa msitu ule. Chemchemi ya mji ilikuwa imejengewa saruji na bomba, ila Wambuti wakifika walisukumwa nyuma ya mstari mpaka jua linazama. Waliosukuma walikuwa Wanande, watu wa kwetu. Nasema hivyo kwa aibu.

Mama Mapendo ndiye aliyenipokea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee. Majuma mawili alinitembeza msituni kabla ya kukubali kuchora lolote. Mwanga ulishuka kijani kati ya miti, na mara nyingine sikujua kama nasikia maji au nasikia damu yangu mwenyewe masikioni. Alikuwa anasimama, anainama, anafukua majani, na kijito kipo, chembamba kama uzi, baridi kama asubuhi ya Kipese. Kila kijito kilikuwa na mwanamke wake wa kukisafisha na kusema lini kipumzishwe. Wenzake walipokuja kuchora, ramani ilijaa uwanja mzima. Niliinakili kwa wino wa buluu kwenye karatasi kubwa. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Kisha wenye silaha wakaja kutoka kaskazini. Oicha ikamwagika msituni: wakulima, walimu, wanawake wenye watoto mgongoni, na mimi kati yao. Tulikaa huko siku ambazo sikuzihesabu. Mapendo na wenzake walitugawa vikundi vikundi, kila kikundi kwenye kijito chake, wakatuonya tusiwashe moto karibu na maji. Wale waliomsukuma kwenye bomba walikunywa kwenye kiganja chake. Hakuwakumbusha neno.

Watu walipoanza kurudi mmoja mmoja, Superviseur, aliyekuwa amekimbilia Butembo, alinitumia barua: niende huko na ramani, ripoti inakwenda kuchapwa, nakala moja kwa wakubwa wa eneo. Nilimwonyesha Mapendo karatasi ile, niliyokuwa nimekimbia nayo, nikitaka afurahi.

“Hii karatasi itaenda kwa nani?” akauliza.

“Kwa biro. Kisha kwa bakubwa.”

“Bakubwa gani? Bale ba bunduki?”

Ndio hao hao; wakati ule hatukuwa na wakubwa wengine.

“Masika, mu pori muko batu bangali bamejificha. Kama bale banajua fasi ya mayi tunakunywaka, hapana batufuata tena. Batatungoja pale tu.”

Aliwaita wanawake wote. Waliongea kwa zamu, taratibu, bila hasira, na mwisho wakanigeukia. Nilikuwa nimefundisha kwa kinywa changu kwamba ramani ni yao. Nilimpa Mapendo. Aliilaza kwenye kijito kama unavyolaza mtoto, na wino ukainuka majini, buluu, ukaenda polepole chini ya majani. Nililia. Kusema kweli, nililia kwa ajili ya karatasi.

“Mais Masika!” Superviseur alipiga meza nilipofika Butembo mikono mitupu. “Rapport bila carte, bila ramani, ni nini?”

“Carte iko, Monsieur. Iko na benyewe.”

Madame la Coordinatrice alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja miwani. Aliniondoa kwenye kazi za nje, nikawekwa chumba cha nyuma kupanga faili. Sikujua kama ni adhabu au ni hifadhi, naye hakuwahi kuniambia.

Siku moja mchana komanda mmoja wa wale wenye bunduki aliingia biro na walinzi wake, mtu mpole wa kusema. Alikuwa amesikia tuna karatasi ya maji yote ya msitu. Madame alimtazama usoni.

“Hatuna, Komanda.” Na ilikuwa kweli. Walipekua makabati, wakakuta majedwali ya Superviseur, wakaondoka. Superviseur aliyarudisha majedwali yake kabatini. Kisha akaja chumba cha nyuma, akasimama mlangoni.

“Mama Masika,” akasema. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita Mama. Akainama, akanisaidia kuokota faili walizozimwaga.

Vita ilipolegea, wanawake wa Oicha wenyewe waliitisha mkutano kwenye bomba, wakachagua comité mpya. Mapendo alipewa nafasi. Sheria aliyoiomba ilikuwa fupi: mwenye kiu asiulizwe kabila. Waliipitisha kwa kunyoosha mikono, na baadhi ya mikono ile niliifahamu: ndiyo iliyokuwa ikisukuma.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii hunijia na simu zinazojua mahali pa kila jiwe, wakitaka niwafundishe mbinu. Mbinu ni chache, na nyingi zinapatikana vitabuni. Ugumu ni kujua jambo, kulipenda, na kukubali lisiandikwe.

Mwaka niliotoka kazini nilikwenda Oicha kuaga. Mapendo alikuwa amezeeka, macho yake yana utando. Tuliketi tukimenya ndizi, nikamwuliza kama sasa angenichorea tena ile ramani, kwa ajili ya wajukuu tu. Aligeuza uso kuelekea msituni, ambako wenye bunduki walikuwa hawajaisha.

“Bado,” akasema.