Jogoo Chongo wa Mama

Nakiri, ni mimi niliyempeleka jogoo wa mama, mzee chongo anayelishwa wali kwa mkono, akapigane na jogoo wa jirani yetu hapa Gongoni. Niliwatambia wenzangu, "Mzee huyu komando!" Halafu, mjinga mimi, nikamweka jicho bovu likiwa upande wa adui. Hakuona kitu. Mwenzake alimrukia, akamchana kichwa, akalitoboa na jicho lililobaki. Damu ikaniruka mpaka kwenye shati la shule.

Jirani akaja mbio na kisu. "Tumchinje upesi, asije akawa mzoga!"

Mama akampokonya kisu, akanigeukia mimi.

"Huyu hachinjwi. Kuanzia leo macho yake ni wewe: utamlisha, utamnywesha, utamlaza. Ukichoka njoo uniambie, kisu ninacho."