Kura ya Matopeni

Kule Doha, Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Asubuhi tulikuwa kanisani Abu Hamour, mchana tukala ugali kwa yeyote aliyekuwa na sebule mtaani Fereej Bin Mahmoud, na mara moja kwa mwezi, maji yakipwa saa za kufaa, tulipanda magari kwenda kaskazini kuvuka mchanga kwa miguu hadi kisiwa kimoja cha mikoko. Viongozi wa matembezi hayo tulijitolea, hakuna aliyelipwa. Mimi nilikuwa nesi wa kutoka milimani ambaye hata kuogelea sijui, na sijaona sababu ya kulionea haya hilo. Kazi ya kiongozi si kuogelea. Ni kutangulia na fimbo, kuuchoma mchanga kabla ya kuukanyaga, na kuhakikisha kila aliyetoka ufukweni anarudi ufukweni kabla maji hayajajaa.

Wakenya wachache wakikutana ugenini, kamati inazaliwa. Sisi tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na fulana za rangi moja. Katika matembezi ya kwanza kamati iliamuru kila mtu avae gambuti, maana kwetu tope ni gambuti, hakuna mjadala. Tope la bahari halikuwa limehudhuria kikao. Lilishika gambuti likaachia mguu, na baadhi yetu tukarudi na soksi tupu, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Tangu hapo tulivaa raba kuukuu zilizokazwa kamba. Mwenyekiti, mtu wa kompyuta katika ofisi ya vioo, hakupenda kukumbushwa gambuti zake, kwa hiyo nilimkumbusha kila nilipopata nafasi.

Mwaka wangu wa tatu wa kuongoza, nilimwalika dada mmoja tuliyekuwa tukikaa benchi moja kanisani. Kwao ni Bungoma. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, amelea watoto wa watu katika villa moja mpaka mkubwa wao akaanza kunyoa ndevu. Mkataba wake ulikuwa unaisha na tiketi ya kurudi kwao ilishakatwa. Jiji lote alikuwa amelionea dirishani, kwenye kiti cha nyuma, mtoto mapajani. Bahari ya The Pearl, mtaa wa matajiri, aliitazama akisukuma kigari cha mtoto, hakuwahi kuigusa.

"Sister," aliniambia, "nataka nikanyage hii bahari yao kabla niende. Hata kama ni tope."

Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho ambayo maji na ruhusa ya madam wake vingekutana. Baada yake ni uwanja wa ndege.

Mwenyekiti alipopata habari, akanipigia simu. "Sista, si ubaya, lakini hii group ni ya ma-professional. Tukianza kuleta mahausigeli, kesho madam ataita polisi."

"Ruhusa anayo," nikamwambia. "Na wewe mama yako alikusomesha kwa kazi gani?"

Jibu nililijua. Alikuwa amesimama kanisani zaidi ya mara moja kushuhudia jinsi mama yake alivyofua nguo za watu Eastleigh mpaka akamfikisha chuo. Akakata simu. Nilibaki nimekasirika mpaka masikio yakawaka, na sikutaka hasira hiyo iniishe.

Ijumaa dada alikuja na gauni refu alilolipandisha na kulifunga fundo kiunoni, leggings chini, na goti moja lililochoshwa na ngazi za villa. Nilimweka wa kwanza nyuma yangu ili mwendo wetu wote uwe wake. Wenye miguu mirefu wakaanza kunung'unika. Mmoja akauliza kwa sauti kama leo tunaenda kisiwani au tunasindikiza maiti. Nikamjibu kwamba anayetaka mbio kuna uwanja wa mazoezi mjini, una hata feni.

Katikati ya njia kulikuwa na mkondo ambao haukauki hata maji yakipwa. Siku hiyo yalifika mapajani. Dada akasimama ukingoni, akayatazama, akarudi nyuma hatua moja. Hakuwahi kuingia kwenye maji ya zaidi ya beseni.

"Akae hapa," mwenyekiti akasema. "Tutamchukua tukirudi."

"Mchangani haachwi mtu," nikasema. "Maji yakirudi yanaanzia hapa hapa. Tunavuka wote au tunarudi wote."

"Huwezi kutuamulia. Tupige kura."

Wallahi, walipiga kura pale pale matopeni, watu wazima wenye digrii, kaa wakiwapita miguuni. Mikono ikapanda ya kumwacha, mingi kuliko ya kukataa. Katibu akahesabu kwa sauti, kama ilivyo ada.

"Haya, mmeshinda," nikasema. "Mwenyekiti, tangulia."

Nikaikumbatia fimbo yangu. Hakutangulia mtu. Lakini moyoni nilijua msimamo wangu ungemnyima dada kile alichokuja kukitafuta. Nikiwarudisha wote, naye anarudi bila kufika, na nafasi nyingine hana. Niliumia, na sikulegeza.

Ndipo dada akageuka. "Kwani ni mimi mnapigia kura?" akauliza. "Na mbona mimi sijaulizwa?"

Akaninyooshea mkono.

"Sister, leta hiyo fimbo."

Nilimpa ncha moja, nikashika nyingine, nikashuka kwanza. Akafuata. Maji yalipompanda magotini alianza kuongea Kibukusu, lugha ya kwao, na kwa sauti ile nilielewa kwamba analigombeza goti lake. Tulivuka hivyo, hatua kwa hatua, yeye akigomba, wapiga kura wakitufuata. Alipotoka upande wa pili aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Chumvi tupu," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisiwani mwenyekiti alichangamka ghafla. Akatupanga mbele ya mikoko kwa ajili ya picha, warefu nyuma, fulana mbele. Kisha akamnyooshea dada simu yake.

"Auntie, hebu tupige moja."

Mkono wa dada ulishaanza kwenda kuipokea, kwa mazoea. Niliuona. Kisha akaurudisha.

"Nimepiga picha za familia ya watu miaka yote niliyokaa hapa," akasema. "Hakuna hata moja niko ndani. Leo piga wewe."

Akaingia katikati ya mstari, gauni limelowa mpaka kiunoni, akawasogeza kwa viwiko mpaka nafasi ikamtosha. Mwenyekiti akatazama huku na huku, hakuona wa kumpa simu. Akarudi nyuma hatua chache, akapiga.