Watatu, na Mmoja Wao Mwongo

Mwaka wangu wa mwisho wa uzamili nilipanga chumba Ihumwa, karibu na reli. Utafiti wangu ulihusu kugawa siri ya kwantamu kwa watu watatu kupitia njia usiyoiamini. Kila mmoja hupata kipande kisichomfaa akiwa peke yake; siri hufunguka wakiviunganisha. Mwizi akichungulia njiani, chembe za mwanga huvurugika, naye hugundulika. Nilithibitisha hayo kwa kurasa arobaini, msimamizi wangu akasaini.

Wiki moja kabla ya kuwasilisha, nikiwa naanika nguo, nikaliona kosa. Nilikuwa nimemlinda mtu wa nje tu. Mmoja wa wale watatu akisubiri wenzake watangaze vipimo vyao vya chembe zile, kisha yeye akatangaza vya uongo, angeipata siri yote bila kujulikana. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaingia ndani kukokotoa upya. Mara tatu, jibu lile lile.

Siku nne sikumwambia mtu. Nyumbani, Chemba, walishachagua mbuzi wa sherehe ya mahafali yangu. Simu ya pale ni ya kaka yangu, na huiweka kwenye spika, kila aliyepo asikie. Mama aliniuliza kwa Kisandawe mbona sauti yangu imepungua. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Mafua tu, mama." Nyuma yake nilimsikia shangazi akichagua kitenge cha siku hiyo.

Siku ya tano nilikwenda kwa msimamizi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeleta nakala?"

Nikamwonyesha ukurasa wenye kosa. Akausoma, akavua miwani.

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Basi hata watahini huenda wasilione."

Nilitamani kuitikia.

"Mimi nimeliona, mwalimu."

Akachukua kalamu, akaikata kwa mstari sahihi yake mwenyewe. "Ni mwaka mwingine huu, unajua?"

Nilikwenda Chemba kumwambia mama ana kwa ana. Alinisikiliza akichambua majani ya mlenda. "Kwani kuna aliyekufukuza?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi rudi ukamalize."

Nikarudi. Wenzangu walihitimu, wakaondoka. Kuiandika upya sura ile yenye kosa kulinichukua mwaka na miezi minne. Kuna asubuhi nilivaa viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda hadi adhuhuri, nikashindwa kufungua mlango. Sura niliimaliza hivyo hivyo.