Ng'ombe Kwenye Picha ya Stesheni

Halafu bado mnasema muuza maziwa anachungulia majibu! Anachunguliaje, wakati simu ni ya Justine, na picha za stesheni za reli anazitafuta Justine mwenyewe? Kila jioni pale sokoni Mwanjelwa mchezo ndio huo: picha inaonyeshwa, watu wanabahatisha stesheni. Wengine wanakodolea jengo. Yeye anatua dumu chini, anafuta vidole kwenye koti, anaivuta picha polepole kama anakamua, anatafuta majani. "Malisho ya Usangu hayo. Chimala. Lete nyingine!" Hakosi. Mfugaji anaweza kusahau sura ya mtu, malisho hasahau.

Jana ikaja picha, vidole vikaganda.

"Leo umepatikana, mzee!" Justine akacheka.

"Kelele, kijana! Huyo nyuma ya benchi ni ng'ombe wangu, aliyepotea masika."

Pembe ya kushoto imeinamia jicho, sikio limechanika. Ila kiangazi kimemaliza majani yote, stesheni yenyewe mzee haitambui, na hii Justine kaiokota mtandaoni bila jina.

Sasa nyie mnaokaa kando ya reli, Makambako mpaka Tunduma, acheni kubisha. Nendeni mkaangalie stesheni yenu. Mkimkuta, mfungeni kamba, mlete habari Mwanjelwa.